Mintarafu ya Kebo Ndefu za Sinema ya Nyumbani

Miongoni mwa watu waliojaliwa kujenga nyumba na kutenga ndani yake chumba cha kutazamia sinema, wengi hutumia miezi kuulizia projekta, pazia na spika, wakilinganisha bei na sifa kwa umakini unaostahili kusifiwa, kisha jambo la kebo itakayochukua picha kutoka kabatini hadi darini hulikabidhi kwa muuza duka, ambaye aghalabu huuliza swali moja tu: mita ngapi? Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Na kwa kuwa kebo ndiyo kiungo pekee katika mpango wote huo kinachofukiwa ukutani, mahali ambapo kosa haliondoki ila kwa nyundo na tindo, naona ni wajibu kueleza kwa urefu namna ya kuichagua, hususan pale umbali unapopita mita 5, maana chini ya hapo karibu kila kebo ya haki hufanya kazi yake bila mashaka.

La kwanza kujua ni umbali wenyewe, na hapa jicho hudanganya. Chukua chumba ambacho projekta imetundikwa darini mita 4.5 kutoka kwenye pazia, na kabati la mitambo liko mbele, chini ya pazia hilo. Mwenye nyumba hutazama juu, akasema mita 5 zinatosha. Lakini iwapo dari ni ya zege na kebo haina budi kufuata ukuta, itaanza kabatini itambae mita 2.5 hadi pembeni, ipande mita 2.8 hadi darini, ifuate ukuta wa ubavuni mita 4.5 hadi usawa wa projekta, ndipo ikate mita 2.5 nyingine kuifikia. Jumla yake ni mita 12.3, na ukiongeza nusu mita kila ncha ili kuchomeka na kuchomoa kusiwe kwa kuvutana, umefika mita 13.3. Dukani utapewa ya mita 15. Basi aliyedhani anahitaji mita 5 anahitaji mara tatu yake, na tofauti ya kebo hizo mbili haiishi katika bei, kwani jinsi ya kebo inayofaa kwa umbali wa kwanza haiwezi kazi ya umbali wa pili. Pima kwa kamba, ukiifuata njia ile ile itakayopita kebo, kona kwa kona, kabla hujatoa fedha mfukoni.

Na ukiisha kupima, jiulize kama safari yote hiyo ni ya lazima. Mtu ambaye filamu zake zote huzipata kwa njia ya intaneti, kupitia kifaa kidogo cha kuchomeka, anaweza kukiweka kifaa hicho darini kando ya projekta, kwa kebo ya mita 1, na taabu ya picha ikamwishia hapo. Itambakia kurudisha sauti kwenye spika, nayo ni nyepesi mno kuliko picha na waya wake hauna shida ya umbali wa namna hii. Si kila nyumba inayokubali mpango huo, walakini mahali unapokubalika, sioni sababu ya mtu kununua urefu asiouhitaji.

La pili ni uzito wa mzigo. Kebo za HDMI, ambazo kanuni yake ya kwanza ilitolewa mwezi wa Desemba 2002, hubeba picha kama mfululizo wa biti, na wingi wa biti hizo hutegemea ukubwa wa picha na idadi ya mabadiliko yake. Picha ya mistari 1080 inayobadilika mara 60 kwa sekunde huhitaji takriban gigabiti 4.5 kwa sekunde. Picha ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, ikibadilika mara 24 kwa sekunde kama ilivyo desturi ya filamu za sinema, huhitaji takriban 8.9, na picha hiyo hiyo ikibadilika mara 60, kwa rangi za biti 8, huhitaji takriban 17.8. Kanuni ya 2.0 ya mwaka 2013 ilikomea gigabiti 18, na ile ya 2.1 ya Novemba 2017 ikapandisha mpaka hadi 48, ambao faida yake huwaangukia zaidi wachezaji wa michezo ya kompyuta wanaotaka picha 120 kwa sekunde. Rai yangu ni kwamba mtazamaji wa filamu na mpira, ambaye hana azma ya michezo hiyo, achukue gigabiti 18 kuwa kipimo chake. Asishuke chini yake kwa hoja kwamba filamu ni za mara 24 tu, kwa sababu vifaa vingi vya intaneti huonyesha orodha na matangazo yake kwa mara 60, na kebo iliyo dhaifu itazimika hapo kabla filamu haijaanza. Wala asipande juu yake kwa sababu ya sifa za kwenye boksi, maana kila gigabiti unayoongeza huila sehemu ya umbali.

Sababu ya kuliwa umbali ni hii. Umeme unaobadilika kwa kasi kubwa haupiti katika kiini cha waya, bali husongamana katika ngozi yake ya nje, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo ngozi hiyo inavyozidi kuwa nyembamba. Fauka ya hayo, plastiki inayouzunguka waya nayo hunyonya sehemu ya nguvu, hali kadhalika kwa kufuata kasi. Hivyo ishara iliyotoka kabatini ikiwa na pembe kali huwasili darini imelegea na kuviringana. Lakini kwa kuwa kinachosafirishwa ni biti, hali yake ni mfano wa barua iliyorowa njiani: maadamu msomaji bado aweza kuzitambua herufi, habari humfikia kamili, wala haipungui furaha wala huzuni yake kwa sababu wino umetawanyika kidogo, na herufi zikiisha kuchanganyika, hapati habari dhaifu, hukosa habari.

Maelezo haya yana maana kubwa kwa mfuko wa mnunuzi. Mtu akikuambia kwamba kebo yake ya bei ya juu itafanya wekundu uzidi kuwa mwekundu, ama giza lizidi kuwa jeusi, anakuambia jambo lisilowezekana, kwa kuwa kebo haina mkono katika rangi. Ama itafikisha biti zote, ama itazipoteza. Na zinapoanza kupotea, dalili zake ni bayana: vimulimuli vyeupe hurukaruka juu ya picha, hasa penye giza, pazia huzimika sekunde moja au mbili kisha picha ikarejea, ama mitambo hushindwa kuelewana, ikakuletea picha ya daraja la chini bila kukuuliza, ama isilete kitu. Anayeona picha safi kwa saa nyingi mfululizo, katika kiwango cha juu anachokitumia, hana cha kuongezewa na kebo nyingine yoyote duniani.

Sasa tuziangalie kebo zenyewe. Ya kwanza ni ya shaba tupu, isiyo na mtambo ndani yake. Unene wa nyuzi zake huandikwa kwenye ganda kwa herufi AWG, na nambari yake husomwa kinyume: 30 ni uzi wa milimita 0.25, 28 ni wa 0.32, na 24 ni wa 0.51. Kwa umbali mrefu unataka nambari ndogo, ila ujue kwamba kebo ya namba 24 ni nzito na ngumu kukunjika, na ikining'inia bila kushikiliwa huweza kulilegeza tundu la projekta. Kwa gigabiti 18, kebo ya shaba tupu ni ya kuaminiwa hadi mita 5, na iliyotengenezwa vyema hufika 7. Kwa picha ya mistari 1080, ambayo ndiyo kikomo cha ving'amuzi vingi vya majumbani, yaweza kufika mita 10, na ikiwa ya namba 24, hata 15. Kanuni za HDMI zenyewe hazikuweka urefu wa mwisho. Ziliweka kiwango cha utendaji, na kila mtengenezaji akaachiwa kufika mbali awezavyo.

Kwa hiyo usinunue kwa nambari za matoleo zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Nambari za 2.0 na 2.1 ni za kanuni na vifaa. Kebo zina majina yake, na majina mawili yanayomhusu msomaji ni Premium High Speed, iliyopimwa kwa gigabiti 18, na Ultra High Speed, iliyopimwa kwa 48. Kila moja ya hizo huja na lebo maalumu juu ya boksi, yenye alama ya kuchanganuliwa kwa simu, ili mnunuzi ahakikishe papo hapo. Mwenye kununua Kariakoo ama Luthuli Avenue kule Nairobi, ambako bidhaa za kila daraja hukaa rafu moja, asione haya kuitoa simu yake mbele ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu atafurahi. Na dhahabu inayopakwa kwenye ncha isikudanganye wala usiidharau: haibadilishi picha hata chembe, lakini haipati kutu, na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi huila chuma usiku na mchana, hilo ni jambo la maana.

Zaidi ya mita 7, kwa gigabiti 18, shaba tupu huanza kukosa yakini, na hapo kuna njia tatu. Moja ni kebo ya shaba iliyotiwa kidude cha kielektroniki katika ncha yake, kinachoinyoosha ishara iliyolegea kabla ya kuikabidhi. Hii hufaa hadi mita 10, na pengine 15. Nyingine, ambayo naipenda kuliko zote kwa chumba cha sinema, ni kebo ya nyuzi za kioo, ambayo ndani ya ncha moja umeme hugeuzwa kuwa mwanga, ukapita katika nyuzi nne nyembamba, na katika ncha ya pili ukarejeshwa kuwa umeme. Mwanga hauna habari na kuliwa na ngozi ya waya. Kwa hivyo kebo ya mita 15 na ya mita 50 hutenda sawasawa, na ziko zinazouzwa hadi mita 100. Hapo zamani bei yake ilikuwa ya kuwatisha watu, lakini siku hizi imeshuka hata aliye na mita 10 au zaidi, na anataka 4K, sioni kwa nini afikirie kitu kingine.

Kebo za jinsi hizi mbili zina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayowatoa watu jasho. Zina upande: ncha moja imeandikwa ya chanzo, nayo huchomekwa kwenye king'amuzi au risiva, na ya pili ni ya projekta au runinga, ukiigeuza haitaleta kitu, na fundi aliyekwisha kuifukia kinyume hana budi kuitoa yote. Tena hunywa umeme kutoka kwenye kifaa chenyewe, katika pini ya volti 5, ambayo kanuni haikidai kifaa kitoe zaidi ya miliampea 55. Chanzo kinachotoa kiasi hicho tu chaweza kushindwa kuilisha, ndiyo sababu nakushauri uchague kebo yenye tundu la ziada la kupokelea umeme wa chaja ya simu. Ile ya kioo haitaki kukunjwa kwa pembe kali wala kuvutwa kwa kushika kichwa chake, kwani uzi ukikatika ndani hauungwi nyumbani. Na mwenye runinga ukutani anayetegemea irudishe sauti kwenye risiva kwa kebo hiyo hiyo, na aulize kwanza kama inakubali eARC, yaani njia hiyo ya kurudisha sauti, maana ziko zisizokubali.

Njia ya tatu ni HDBaseT, mpango ulioanzishwa mwaka 2010 na LG, Samsung, Sony Pictures na Valens, ambao hutumia waya wa mtandao wa kawaida, na visanduku viwili, kimoja kila ncha. Hufika hadi mita 100, na toleo lake la 3.0 hubeba picha ya 4K ya mara 60 bila kuibana, ilhali visanduku vya bei ya chini huibana au huishia mistari 1080. Soma maandishi ya kisanduku kabla ya kulipa. Naupendekeza kwa mwenye kupeleka picha kutoka nyumba moja hadi banda la uani, au kwa mwenye kibanda umiza anayetaka runinga kadhaa zionyeshe mpira mmoja, kuliko kwa chumba kimoja cha sinema, kwa kuwa visanduku hupata joto na huhitaji umeme wake. Waya wake utoke kisanduku hadi kisanduku moja kwa moja, bila kupita katika swichi ya mtandao, na uwe wa Cat6 au Cat6A wa shaba kamili.

Neno hilo, shaba kamili, nalikazia. Ziko roli nyingi sokoni ambazo uzi wake ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Chukua kisu, ukwangue uzi mmoja taratibu: ukiona wekundu unaendelea hadi ndani, ni shaba, ukiona weupe wa fedha chini ya ngozi, ni alumini, ambayo hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba na hukatika upesi inapokunjwa. Roli ya alumini ni nyepesi pia, kwa kuwa uzito wa alumini hauzidi theluthi ya uzito wa shaba kwa ujazo ule ule. Muuzaji akikukataza kukwangua, nenda duka la pili.

Huulizwa pia kama waya wa dishi uliokwisha kupitishwa ukutani unaweza kubeba HDMI. Hauwezi wenyewe, lakini ukiwa umelala katika bomba pana, waweza kuutumia kuvutia kebo mpya, na faida hiyo si ndogo.

Na bomba ndilo jambo ambalo, lau ningeruhusiwa kusisitiza moja tu, ningelisisitiza hilo. HDMI imebadilika mara nyingi tangu mwaka 2002, na itabadilika tena. Ukuta wa nyumba hutarajiwa kukaa miaka 50. Anayefukia kebo ndani ya lipu ameufunga ukuta wake na kanuni ya mwaka mmoja. Tia bomba la plastiki, na liwe pana: kichwa cha HDMI, pamoja na ganda lake, kina upana wa karibu milimita 20, na bomba la milimita 25 ambalo mafundi hulitumia kwa nyaya za taa litakipokea mahali paliponyooka, kisha likakinasa kwenye kona ya kwanza. Taka la milimita 40, au 50 ukiweza. Kona zake ziwe za mviringo wa pole, kamwe zisiwe elbo za mabomba ya maji. Na ndani yake iachwe kamba ya nailoni, iliyofungwa ncha zote mbili, ili atakayekuja baadaye apate cha kuvutia. Nyaya za umeme wa nyumba zisiingie katika bomba hilo kwa hali yoyote. Zikienda sambamba nalo, ziachane kwa sentimita 30, na zikikutana, zipishane kwa msalaba.

Walioko katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja au za Lamu wana shida ya peke yao, kwani kuta za mawe na chokaa hazikatwi ovyo, na Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001. Hapo kebo ya kioo, iliyo nyembamba, hupita vizuri kando ya boriti katika mfereji wa plastiki uliopakwa rangi ya ukuta, bila kuligusa jiwe. Na popote kebo inapopita juu ya dari ya mbao, chagua yenye ganda lililoandikwa LSZH, yaani la moshi mchache usio na asidi, kwani PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi ya kuunguza mapafu.

Kabla ya kuvuta, jaribu. Ilaze kebo sakafuni, uichomeke ncha zote, uweke kifaa katika 4K ya mara 60, na utazame jioni nzima. Isipoleta picha ya kiwango hicho, usiilaumu kabla ya kufungua mipangilio ya runinga au projekta, maana nyingi hutoka kiwandani matundu yake yakiwa yamefungwa katika kiwango cha chini, na haziruhusu gigabiti 18 mpaka uamuru. Nimeona kebo nzuri zikirudishwa dukani kwa sababu ya kitufe kimoja.

Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria na wa mashariki ya Kongo, ambako radi ni nyingi kuliko karibu sehemu zote za dunia, naongeza hadhari moja. Waya wa dishi juu ya paa, king'amuzi, kebo na projekta ni mnyororo mmoja wa shaba, na pigo la radi huupita wote. Kebo ya kioo hupunguza hatari, lakini aghalabu ndani yake mna pia nyaya nyembamba za shaba kwa ajili ya umeme na maagizo, kwa hiyo haiiondoi. Wingu likitanda, chomoa.

Basi wewe ambaye nyumba yako bado iko katika matofali, na fundi wa lipu hajafika, mwite fundi umeme wako kesho, umwonyeshe mahali pa projekta na mahali pa kabati, na umtake alaze bomba la milimita 40 lenye kamba ndani kati ya mahali hapo pawili. Kebo utainunua baadaye, siku utakayoihitaji.